Uzi: Michoro ya Ulaya nchini Japani, soko bado lipo au lilizikwa 1990?

#1 Fundi_Fremu
Salaam wakuu. Niko Brussels, kazi yangu ni kukarabati fremu za zamani kwenye karakana ya mtu. Siku za mapumziko nashinda soko la mitumba la Jeu de Balle nikitafuta picha ndogo za rangi ya mafuta, za karne ya 19 hadi miaka ya 1930: mandhari, maua, ng'ombe mtoni, mashua bandarini. Wachoraji wake majina yao yamo kwenye kamusi za sanaa, lakini ukimtajia mtu mtaani hamjui. Huku bei zimeanguka vibaya. Vijana hawataki kutundika picha za bibi zao.

Kuna mzee muuzaji hapo sokoni ananiambia kila tukionana: "Peleka Japani. Kule chochote chenye fremu ya dhahabu na saini ya Kifaransa kinanunuliwa." Mwingine wa meza ya pili anamcheka, anasema soko hilo lilizikwa 1990. Naomba kujua mambo mawili. Wajapani walipendea nini hasa michoro ya Ulaya hadi wakatikisa minada ya dunia? Na leo mtu mdogo kama mimi ana mnunuzi kule? Wenye uzoefu karibuni.

#2 ChaiYaMkandaa
Nimeweka kiti, ngoja waje wajuzi.

#3 Nyundo_Tatu
Soko hilo lilizaliwa na sarafu na likafa na sarafu. Septemba 1985 mataifa matano yalikutana hoteli ya Plaza, New York, yakakubaliana kuishusha dola. Siku zile dola moja ilikuwa karibu yen 240. Kufikia mwisho wa 1987 ilikuwa karibu yen 120. Picha iliyotangazwa kwa dola ikawa nusu bei kwa Mjapani bila hata kuomba punguzo. Februari 1987 benki kuu yao ikashusha riba hadi asilimia 2.5. Ardhi ikapaa, watu wakakopa kwa dhamana ya kiwanja wakanunua picha, kisha wakaiweka picha rehani wakakopa tena. Mwezi uliofuata kampuni ya bima ya Yasuda ikanunua Alizeti za Van Gogh kwa dola milioni 82. Agosti 1990 riba ilikuwa imefika asilimia 6 na ngoma ikaisha. Hapo hakuna mapenzi ya sanaa, ni hesabu ya pesa rahisi.

#4 BintiMvita
Nyundo_Tatu, umeunganisha picha mbili kuwa moja. Alizeti ziliuzwa kwenye mnada wa Christie's London tarehe 30 Machi 1987 kwa pauni milioni 24.75, ambazo ni karibu dola milioni 40. Hiyo milioni 82.5 ni ya Picha ya Daktari Gachet, ya Van Gogh vilevile, New York, 15 Mei 1990, na aliyenunua ni Ryoei Saito wa kampuni ya karatasi ya Daishowa. Siku mbili baadaye, kwenye mnada wa Sotheby's, Saito huyohuyo akachukua dansi ya Moulin de la Galette ya Renoir kwa milioni 78.1.

Na hilo la kutokuwa na mapenzi silikubali. Yasuda walikuwa na jumba lao la makumbusho tangu 1976, ghorofa ya 42 ya makao yao makuu Shinjuku. Kampuni ilianzishwa 1888, ikataka kutimiza miaka mia ikiwa na kitu ambacho watu watakuja kukitazama. Na walikuja, kwa misururu. Alizeti hizo hazijauzwa tena. Mwaka 2020 zilihamia kwenye jumba jipya lililojengwa palepale chini ya mnara. Mlanguzi gani anakaa na mali zaidi ya miaka thelathini?

#5 Nyundo_Tatu
Ziwe 40 au 82, hoja yangu iko palepale: yen isingepanda wasingezigusa. Halafu huyo Saito si ndiye aliyesema akifa achomwe pamoja na picha zake? Hayo ndiyo mapenzi?

#6 BintiMvita
Alisema, dunia ikapiga kelele, akajibu kwamba alikuwa anatania. 1993 alikamatwa kwa hongo iliyohusu uwanja wa gofu, 1996 akafariki. Picha hazikuchomwa. Gachet iliuzwa kimyakimya baada ya kifo chake na haijaonyeshwa hadharani tena. Hilo ndilo linaloniuma. Ni uso ambao mchoraji aliuchora wiki chache kabla ya kufa, na sasa hakuna mtoto wa shule anayeweza kusimama mbele yake.

#7 Mwalimu_wa_Rangi
Mnaanza hadithi katikati. Mkianzia 1985 lazima mtaona yen tu. Rudini nyuma miaka sabini na tano.

Mwaka 1910 vijana wa Tokyo walianzisha jarida la Shirakaba. Ndilo lililowajulisha wasomaji wa Japani habari za Cézanne, Rodin na Van Gogh, kwa picha zilizochapwa nyeusi na nyeupe. Fikiria kumpenda mchoraji wa rangi bila kuziona rangi zake! Wakaanza kuchangishana wajenge jumba. Mwaka 1920 mfanyabiashara mmoja wa Osaka, Koyata Yamamoto, akawanunulia Alizeti, si hizi za Yasuda, nyingine zenye mandharinyuma ya buluu. Jumba halikujengwa, picha ikabaki nyumbani kwake Ashiya, na ikateketea kwa mabomu Agosti 1945. Kwa hiyo Alizeti za kwanza Japani ziliingia miaka 67 kabla ya mnada wa London.

Wakati huohuo, mjini Kurashiki, tajiri wa nguo Magosaburo Ohara alimtuma rafiki yake, mchoraji Torajiro Kojima, Ulaya kununua. Kojima alinunua Maua ya Maji kwa Monet mwenyewe, na 1922 akaleta Tangazo la Malaika la El Greco. Jumba la Ohara lilifunguliwa 1930 na mpaka leo unakata tiketi unaingia.

Halafu kuna Kojiro Matsukata wa kiwanda cha meli cha Kawasaki, Kobe. Vita vya kwanza vya dunia vilimtajirisha kwa meli. Alinunua London na Paris kwa maelfu, 1921 akaenda Giverny kuchagua picha karakanani kwa Monet. Nia yake ilikuwa jumba la watu wote Tokyo. Ikaja 1924, mwaka mmoja baada ya tetemeko kubwa la Kanto, serikali ikaweka ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa za anasa, sanaa ikiwemo. Ndiyo sababu nyingi zilibaki ghalani Ulaya. 1927 benki zikaanguka na kampuni yake ikayumba, picha zilizokwisha kufika Japani zikauzwa. Za London ziliungua ghalani 1939. Za Paris, karibu 400, Ufaransa ilizishika kama mali ya adui baada ya vita. Zilirudi 1959, nyingi kati yake, kwa sharti la kujengewa mahali pake, na ndipo likajengwa jumba la taifa la sanaa ya Magharibi pale Ueno, Tokyo, kwa ramani ya msanifu majengo Le Corbusier. Ufaransa ilibakiza chache, ikiwemo Chumba cha Kulala cha Van Gogh ambacho sasa kiko jumba la Orsay, Paris.

Mtu anayesema ni yen tu anieleze Ohara na Matsukata.

#8 ChaiYaMkandaa
Mwalimu umemwaga nondo. Ushuru wa asilimia mia! Hata magari yetu hayajafikia roho hiyo. Au yamefikia?

#9 Mbongo_Nagoya
Chai, usiturudishe kwenye magari, mimi ndiyo kazi yangu na leo nimekuja kupumzika.

Fundi_Fremu, nikujibu swali la pili. Nimeoa huku, na baba mkwe ana litografu (picha za kuchapwa) mbili za mchoraji Mfaransa Bernard Buffet sebuleni. Hakuzinunua kwenye mnada wala kwa msanii. Alizinunua duka kubwa la ghorofa, ghorofa ileile ya vyombo vya chai na kimono. Mitsukoshi walifungua kitengo chao cha sanaa 1907. Maduka haya yana maofisa wao wanaokwenda nyumbani kwa wateja wenye uwezo, wanakunywa chai, wanajua binti anaolewa lini na babu ana miaka mingapi, kisha wanaleta picha inayofaa. Mteja ananunua jina la duka kwanza, la mchoraji baadaye.

Sasa niseme la magari japo nimekataa. Wenzetu wa Dar na Mombasa wanajua karatasi ya mnada wa gari la Japani: kila mkwaruzo umeandikwa, daraja limewekwa, unaweza kununua bila kuligusa. Mjapani anataka picha iwe vivyo hivyo. Nyufa za rangi, kanvasi iliyobandikwa upya, mahali palipoguswa na mkarabati, nani aliimiliki, cheti kimetoka kwa nani. Kwa Buffet watakuuliza cheti cha Maurice Garnier wa Paris, maana ndiye aliyekuwa wakala wake. Ukija na "mzee wa sokoni kaniambia", utapewa chai na utaaga.

Tena kuna wachoraji wa Ulaya ambao Wajapani waliwapenda kuliko watu wa kwao. Buffet ana jumba zima Shizuoka tangu 1973, lilianzishwa na mwenye benki, lina kazi zaidi ya 2,000. Marie Laurencin alikuwa na lake huko Tateshina kuanzia 1983 hadi 2011, la mwenye kampuni ya teksi. Huko kwao Ufaransa wakosoaji walishamfukuza Buffet mezani.

#10 Kasongo_wa_Paris
Jambo bandugu. Mie naona mumesahau kitu kimoja. Picha hizo Wajapani waliona ni ndugu zao. Baada ya maonyesho makubwa ya Paris ya 1867, Ulaya ilijaa chapa za mbao za Japani. Mjapani Tadamasa Hayashi alifika Paris 1878 kama mkalimani, akabaki kuwa mfanyabiashara, akauza ukiyo-e, ndizo chapa hizo, kwa maelfu, na picha za Waimpreshonisti, wale wachoraji wa mwanga kama Monet, akazikusanya yeye mwenyewe akarudi nazo kwao 1905. Monet alikuwa na chapa 231 nyumbani Giverny, alizitundika ukutani. Van Gogh alinakili chapa za Hiroshige kwa rangi ya mafuta 1887. Basi Mjapani akitazama picha ile ya mvua darajani, anaona jicho la babu yake limevaa nguo ya mgeni. Ni mali imerudi nyumbani.

#11 Mwalimu_wa_Rangi
Kasongo, nusu naafiki. Lakini El Greco hana ukiyo-e hata punje. Na Millet? Mkoa wa Yamanashi, mkoa wa zabibu na milima, ulinunua Mpanzi wa Millet na kufungua jumba lake 1978. Wakulima walimwona mkulima mwenzao. Hapo Hiroshige haingii.

#12 BintiMvita
Mimi naongeza la kwangu, nililisikia kazini (nipo kwenye kampuni ya kufungasha na kusafirisha kazi za sanaa, London). Wajapani wengi si Wakristo. Picha ya mtakatifu aliyechomwa mishale inahitaji maelezo kabla hujaipenda. Picha ya mto, ukungu na maua haihitaji mkalimani. Ndiyo maana Waimpreshonisti walishinda na wale wa makanisa hawakushinda. Rafiki yangu wa mnada anaapa kwamba ni hilo tu.

#13 Mwalimu_wa_Rangi
Na Tangazo la Malaika la Kurashiki je? Malaika yule ni Mhindu?

#14 BintiMvita
Moja, mwalimu. Nimesema wengi.

#15 Mhasibu_Kimya
Wote mnazunguka mbuyu. Sehemu kubwa ya ununuzi wa 1987 hadi 1990 ilikuwa njia ya kupitisha pesa. Bei za ardhi zilikuwa zinakaguliwa na serikali za mitaa, huwezi kuandika mkataba kwa bei ya kuruka. Basi anayeuza ardhi na anayenunua wanatumia picha. Mimi mnunuzi wa ardhi nakuuzia picha kwa bei ndogo, kisha mshirika wangu anainunua kwako kwa bei kubwa. Tofauti ndiyo malipo ya ardhi yasiyoandikwa. Picha haina bei rasmi, nani atakuhoji?

Ilipochunguzwa kampuni ya biashara ya Itoman ya Osaka, mwaka 1991, walikuta ilinunua sanaa kwa mabilioni ya yen kwa bei zilizoongezwa kupita kiasi. Watu walifungwa. Na yule Tomonori Tsurumaki aliyenunua Picasso, Harusi ya Pierrette, kwa simu akiwa Tokyo, Novemba 1989, kwa zaidi ya dola milioni 50? Alikuwa anajenga uwanja wa mbio za magari milimani Oita, Autopolis, na alitaka picha iwe kivutio. Uwanja ulifilisika, picha ikaishia kwa wakopeshaji. Miaka ya 1990 kulikuwa na picha za Ulaya zimefungwa kwenye maghala ya benki, hawawezi kuziuza bila kukiri hasara waliyoificha.

#16 Nyundo_Tatu
Mhasibu asante. Nilisema ni pesa.

#17 Mhasibu_Kimya
Wewe ulisema yen. Mimi nasema ardhi na kodi. Yen ilipanda kwa Wajapani wote. Mbona wenye viwanda vya magari hawakununua Picasso, wakanunua wa viwanja, gofu na mikopo?

#18 Fundi_Fremu
Nawasoma kwa makini, wakuu. Mbongo_Nagoya, swali la fundi: je, fremu zetu za Ulaya wanazitaka, au nipeleke kanvasi tupu?

#19 Mbongo_Nagoya
Fremu peleka, lakini sikiliza. Japani inafuata vipimo vya Kifaransa vya kanvasi, F kwa watu, P kwa mandhari, M kwa bahari, ila milimita hazilingani. F10 ya Ufaransa ni sentimita 55 kwa 46, ya Japani ni 53 kwa 45.5. Kwa hiyo fremu ya huku haiingii kanvasi ya huko. Wachoraji wao wenyewe bei zao zilizoeleka kuhesabiwa kwa kipimo hicho, wanakiita gō, karibu na ukubwa wa postikadi. Nyumba ni ndogo, picha ndogo inapata ukuta upesi.

Mbele wanaweka akriliki badala ya kioo, kwa sababu ya tetemeko. Nyuma chunga ukungu: msimu wa mvua wa Juni na Julai kanvasi iliyogusa ukuta inaota madoa. Na picha ikiuzwa inavikwa mfuko wa kitambaa cha njano kisha inaingia kwenye sanduku lake. Zamani kitambaa hicho kilitiwa rangi kwa manjano hii ya kupikia, kufukuza wadudu. Ukipeleka picha imevingirishwa kwenye plastiki ya mapovu, kabla hujafungua mdomo umeshashushwa daraja.

#20 ChaiYaMkandaa
Manjano ya pilau inalinda Monet! Bibi yangu Pangani angefurahi kusikia, yeye aliifanyia kila kitu.

#21 BintiMvita
Bibi yako alikuwa sahihi kwa nguo za hariri pia.

Fundi_Fremu, kwa upande wa kutoa mali Ulaya: picha yenye zaidi ya miaka 50 na thamani inayozidi euro 150,000 inahitaji kibali cha Umoja wa Ulaya. Picha za rangi ya maji kiwango ni euro 30,000. Zako za Jeu de Balle sidhani zinafika, lakini uliza pia sheria za Ubelgiji, kila jamii ya lugha kule ina orodha yake ya hazina. Kuingia Japani, picha iliyochorwa kwa mkono haitozwi ushuru wa forodha, ila kuna kodi ya matumizi ya asilimia 10.

#22 Mkulima_Hamburg
Na leseni ya polisi msisahau. Japani huuzi kitu cha mtumba bila leseni ya bidhaa kuukuu, hutolewa kupitia kituo cha polisi. Jamaa yangu walimrudisha.

#23 Mbongo_Nagoya
Mkulima, leseni hiyo ni ya anayenunua mitumba ndani ya Japani kisha akaiuza. Ulichokinunua mwenyewe nje na kukiingiza mwenyewe hakiangukii hapo. Ila siku Fundi akinunua picha moja kwa mzee wa Nagoya aiuze Osaka, anaihitaji. Na wauzaji wakubwa wana minada yao ya ndani kwa ndani, ya wanachama tu. Bila leseni na mdhamini humo huingii, ukae nje usikilize nyundo.

#24 Mkulima_Hamburg
Jamaa yangu alikuwa ameingiza kutoka Ujerumani, si alinunua Japani. Walimrudisha vilevile.

#25 Mbongo_Nagoya
Inategemea na alivyoeleza kaunta. Mimi nimesema sheria, wewe umesema ofisa.

#26 ChaiYaMkandaa
Hivi ile hadithi ya jiwe, karatasi na mkasi ni ya kweli au ya kijiweni?

#27 BintiMvita
Ya kweli kabisa, 2005. Takashi Hashiyama, rais wa Maspro Denkoh, watengeneza vifaa vya televisheni, alikuwa na mkusanyo wa kampuni wenye Cézanne, Picasso na Van Gogh. Christie's na Sotheby's zote zilimridhisha, akaziambia zishindane kwa jiwe, karatasi, mkasi. Mkuu wa kitengo wa Christie's aliwauliza mabinti zake pacha wa miaka 11, wakamwambia aanze na mkasi kwa sababu kila mtu anategemea jiwe. Sotheby's wakatoa karatasi. Mkusanyo ulileta takriban dola milioni 20, Cézanne peke yake karibu milioni 12. Kwetu ofisini tunaisimulia kila akija mgeni.

Ila tazameni mwelekeo. Kampuni ya Japani, picha za Ulaya, na zilikuwa zinatoka.

#28 Mhasibu_Kimya
Ndiyo maana namwambia Fundi atazame pia upande wa pili wa barabara. Julai 2024 dola ilifika yen 161. Kile kilichotokea 1987 kimegeuka: sasa mgeni ndiye anayepata nusu bei. Kampuni ya wino ya DIC ilikuwa na jumba zuri Sakura, mkoa wa Chiba, tangu 1990, lenye Rembrandt na Monet. Wenye hisa walibana: kwa nini mali kubwa hivi ining'inie ukutani bila faida? Mwaka 2024 wakatangaza kupunguza, mwisho wa Machi 2025 milango ikafungwa, na Novemba mwaka huo Monet ikanadiwa New York. Halafu kodi ya mirathi inafika asilimia 55. Wale walionunua miaka ya 1980 wamezeeka, watoto hawana kuta wala pesa ya kodi.

Kwangu mimi, Japani leo ni ghala la Ulaya linalofunguliwa.

#29 Mwalimu_wa_Rangi
Habari ya Sakura ilinisikitisha sana. Watu walikusanya sahihi kwa maelfu kuomba jumba libaki. Hao hawakuwa na hisa wala kiwanja, walikuwa wanakwenda na watoto wao kutazama picha na bata ziwani. Mhasibu, hesabu yako ina safu ya watu hao? Mwaka 1974 Mona Lisa alipopelekwa Tokyo, watu karibu milioni moja na nusu walipita mbele yake, kila mmoja sekunde chache. Hakuna aliyekuwa ananunua.

#30 Mhasibu_Kimya
Mwalimu, waliopanga foleni hawakununua, na walionunua hawakupanga foleni. Fundi aliuliza soko.

#31 Mwalimu_wa_Rangi
Foleni ndiyo iliyowafanya wanunuzi wajione wana maana. Yasuda asingelipa pauni milioni 24 kama mlangoni hapakuwa na mtu.

#32 Kasongo_wa_Paris
Fundi, mie nakuonya juu ya feki. Mjerumani Wolfgang Beltracchi alidanganya Ulaya nzima, na Japani pia. Jumba la mkoa wa Tokushima lilinunua picha ya mwendesha baiskeli, ilisemekana ni ya mchoraji Metzinger, mwaka 1999 kwa yen milioni 67.2. Jumba la mkoa wa Kochi nalo lilinunua picha iliyodaiwa ya mchoraji Campendonk 1996 kwa yen milioni 18. Ilikuja kujulikana ni mkono wa Beltracchi. Pesa ya walipa kodi, bandugu. Tangu hapo kila mtu anageuza picha atazame mgongo.

#33 BintiMvita
Hata Alizeti za Yasuda ziliwahi kutiliwa shaka miaka ya 1990, wakasema ni za mchoraji mwingine, Schuffenecker. Wataalamu wa Jumba la Van Gogh, Amsterdam, walizichunguza wakathibitisha ni zake. Kanvasi yake ni gunia la juti, kutoka jora lilelile alilonunua mchoraji mwenzake Gauguin walipokuwa pamoja Arles, Ufaransa. Kwa hiyo Kasongo amesema kweli: mgongo una habari kuliko uso.

#34 Mbongo_Nagoya
Na chapa pia. Mapema 2021 litografu feki za wachoraji wakubwa Wajapani zilikutwa zimeuzwa hata na maduka ya ghorofa. Hazikuwa za Ulaya, lakini baba mkwe aliwapigia simu kuuliza Buffet zake. Walikuja nyumbani wawili wenye suti, na kioo cha kukuza, wakazitazama mpaka giza likaingia. Ziko salama.

#35 Dada_wa_Mikocheni
Samahani natoka kidogo nje ya mada. Na Tingatinga je? Nasikia Wajapani wanazipenda sana.

#36 Mbongo_Nagoya
Wanazipenda dada, na zimeonyeshwa huku mara nyingi. Rangi za enameli zinang'aa, wanyama wanachekesha, watoto wanazielewa. Lakini soko lake ni la zawadi na maonyesho madogo. Fungua uzi wake, nitakuja.

#37 Fundi_Fremu
Nashukuru wote. Nilichokielewa kwa biashara yangu: jina dogo bila karatasi halitembei, hata likiwa zuri. Basi nina picha moja ya bandari, paneli ya mbao, saini inasomeka, nyuma kuna lebo ya duka la rangi la Brussels na namba ya mnada wa zamani kwa chaki ya buluu. Niisafishe varnishi iliyogeuka njano kabla ya kuipiga picha, au niiache?

#38 BintiMvita
Iache kaka! Usiguse hata kwa pamba. Na hiyo chaki usiifute kwa jasho la kiganja. Minada mikubwa inaandika namba zake nyuma, wakati mwingine wanaweza kuifuatilia hadi mwaka na mnunuzi.

#39 Mkulima_Hamburg
Mimi ningeisafisha. Mnunuzi anapenda anga la buluu, si anga la chai.

#40 Mbongo_Nagoya
Iache. Piga mbele, nyuma, pembe nne, na saini kwa mwanga wa pembeni. Nitumie, baba mkwe ana rafiki Ginza, Tokyo, aliyeuza picha za Magharibi maisha yake yote. Hatanunua, lakini atakwambia kweli.

#41 Nyundo_Tatu
Kabla uzi haujalala, Mwalimu hajanijibu. Yamamoto wa 1920, Matsukata, Ohara: wote pesa zao ni za neema ya biashara iliyokuja na vita vya kwanza. Pamba, meli, nguo. 1927 benki zikaanguka, Matsukata akauza. 1990 vilevile. Umenipa mifano ya kunipinga na yote iko upande wangu.

#42 Mwalimu_wa_Rangi
Ohara hakuuza. Mgogoro ule ulimpiga na yeye, na jumba alilifungua 1930, dunia nzima ikiwa hoi. Mwenye hesabu ya pesa tu asingefungua mwaka ule. Na Hiroshima: benki ya mji huo ilijenga jumba la sanaa 1978, ndani mna bustani ya Daubigny ya Van Gogh, na walisema wazi kwamba ni kwa ajili ya roho za waliokufa kwa bomu. Hiyo uiweke kwenye yen ngapi?

#43 Nyundo_Tatu
Hiroshima nakuachia. Ohara bado.

#44 Mhasibu_Kimya
Ohara alikuwa na kiwanda cha hariri ya bandia pia, kilianzishwa 1926. Kesho naleta hesabu zake.